Pole Kabla ya Sindano

Mkufunzi wa wauguzi alihisi kichwa kikimgonga. Ilikuwa siku ya mwisho ya mazoezi wodini, na mwanafunzi wake mmoja asipofaulu kumtoa damu mgonjwa mmoja tu, angerudia miezi mitatu yote. Mikono ya binti huyo ilikuwa myepesi na mshipa aliuona vizuri. Tatizo lilikuwa mdomo. Kila alipokaribia kuchoma alisema "pole", na mgonjwa akisikia pole hujua maumivu yamefika na kuvuta mkono. Wagonjwa wawili walikuwa wameshamponyoka.

"Nimekuambia mara ngapi, binti? Sema 'nachoma sasa'. Pole husemwa baadaye!"

"Samahani, mwalimu. Inanitoka yenyewe."

"Basi ing'ate!"

Mgonjwa wa tatu alikuwa bibi mwenye mikono mikavu, na maneno yote hayo aliyasikia. Mwanafunzi alimfunga mpira mkononi, akapangusa ngozi, akashika sindano. Midomo yake ikaanza kujikunja. Mkufunzi akafumba macho.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "mimi nimezaa saba. Choma kwanza, hiyo pole utanipa tukimaliza."

"Nachoma sasa," akasema binti, na hakuongeza kitu.

Damu ikapanda kwenye kichupa. Binti akachomoa sindano, akabana pamba, akamgeukia mkufunzi akicheka mpaka magego yakaonekana. Mkufunzi alishusha pumzi, akatoa kalamu.

"Mwalimu, usitie saini bado," bibi akasema, mkono bado ameunyoosha. "Pole yangu iko wapi?"