Mililita Thelathini Zilizobaki

Jana mchana, nikiwa nimempakata mtoto na chupa iko mdomoni mwake, usingizi ulinipitia nikaota niko ghalani kazini, na mzani umekataa kumpima mtoto mpaka avue viatu.

Mtoto ana wiki tatu. Hana viatu. Nilimweleza mzani hivyo kwa adabu, maana tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja na hatujawahi kukosana. Mzani ukasema sheria ni sheria. Basi nikaazima viatu kwa gunia moja la korosho, nikamvalisha mtoto, nikamvua, ndipo tukaruhusiwa kupanda.

Nijieleze kidogo kabla ndoto haijanipeleka mbali. Mimi ni karani wa mizani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, hapa hapa Newala. Gunia likipungua nusu kilo najua kwa kulitazama, na wakulima wanaonichukia kwa sababu hiyo ni wengi, nawasalimu wote. Mke wangu Asumini alitoka hospitali na dawa kali ambazo daktari alisema haziendi pamoja na kunyonyesha. Kwa hiyo mtoto anakunywa maziwa ya kopo, na kwa kuwa maziwa ya kopo ni mambo ya vipimo, nyumba nzima ikaniachia mimi.

Mtoto tumempa jina la marehemu mama yangu, Somoe. Na kwetu, mtoto mwenye jina la mama yako humwiti mwanangu. Unamwita mama. Humwamrishi, unamwomba. Ni adabu nzuri sana, ila hebu jaribu wewe kumbembeleza mama yako amalize chupa.

Kliniki ya wiki iliyopita uzito wake haukupanda inavyotakiwa, nesi akasema turudi naye Ijumaa. Tangu siku hiyo roho yangu iko juu juu. Anakunywa sitini, anageuza uso, mimi namsukumia, anameza, halafu anatapika zote na tunaanza upya. Analia yeye, na mimi, Mungu anisamehe, nalia pia. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mimi nilikuwa nauchukulia huo kama msemo wa kupambia kanga. Nilimzika Somoe mmoja mwaka juzi. Nilikuwa naogopa, naogopa kwelikweli, kwamba wa pili ataniponyoka mikononi kwa sababu ya mililita thelathini.

Haya, turudi ghalani.

Mtoto yuko juu ya mzani. Kopo la maziwa linaingia, limevaa koti na tai, limebeba kijiko chake kwapani. Linasoma kwa sauti ya afisa: mililita tisini, kila baada ya masaa matatu. Nalijibu kwamba hilo nalifahamu, nimelibandika ukutani. Kopo linatazama huku na huku, kisha linauliza hao masaa matatu wako wapi.

Wanakuja kwa miguu kutoka barabara kuu. Saa wa Kwanza anafika, anasalimia, anakaa kwenye benchi. Saa wa Pili anafika akihema, anaomba maji ya kunywa. Saa wa Tatu haonekani.

Mtoto anaingiza ngumi mdomoni. Anatafuta kwa midomo kifungo cha shati langu, anakikosa, anaanza kulia. Namwomba radhi. Namwambia, mama, vumilia, Saa wa Tatu yuko njiani. Saa wa Kwanza anasema yeye alimwacha kwa muuza kahawa, anatazama watu wanaocheza bao. Tunakaa. Mtoto anakuwa mwekundu kama bibo la mkorosho. Kopo linatazama dari. Mimi nimeshika chupa iliyo tayari, ya moto wa kiasi, na simpi, kwa sababu waliohudhuria ni wawili.

Hatimaye Saa wa Tatu anaingia anatafuna kashata. Anatutazama, anamtazama mtoto anayelia.

"Mngeanza tu," anasema. "Mimi huwa sijali."

Nikaona haya, lakini kopo lilikuwa pale na sikutaka kuonekana mtu wa kuyumba. Nikampa mtoto chupa. Akanywa kwa pupa, akapumzika, akanywa tena, mpaka sitini. Kisha akafumba midomo na kugeuza uso kushoto.

Mililita thelathini zilizobaki zikashuka kwenye chupa moja moja, kila moja na kifurushi chake, zikapanga foleni sakafuni. Ile ya mbele ikakohoa.

"Karani, sisi tumeandikwa," ikasema. "Tutalala wapi?"

Jambo hilo liliniuma, maana zilikuwa na haki. Ghalani kwetu mzigo ulioandikwa haubaki nje hata mvua ikinyesha. Nikazirudisha kwenye chupa, nikaufuata uso wa mtoto. Ulikuwa umegeukia kushoto, nikazunguka kushoto. Ukageuka zaidi, nikazunguka zaidi, namwomba, mama tafadhali, kidogo tu, mama, tumalize. Tulizunguka mzani mara ya kwanza, tukazunguka mara ya pili. Mara ya tatu nikasikia udongo chini ya nyayo badala ya saruji, na moshi ukaniingia machoni.

Lilikuwa jiko la mama kule Kitangari, lile lililobomolewa na mvua nikiwa darasa la sita.

Sikustaajabu. Nilijua tu kwamba nimechelewa kurudi. Kila kitu kilikuwa mahali pake: kinu mlangoni, mbuzi ya nazi imeegemea ukuta, ungo juu, na ule ufa ambao jua la asubuhi lilikuwa likipenya na kulala juu ya goti la mama anapopepeta mtama. Jua lilikuwepo. Goti halikuwepo. Nilitamani nikae pale nisitoke tena, na natamani hata sasa ninapoandika.

Mafiga matatu yalikuwa yakibishana ni lipi kati yao lilibeba upande mzito wa chungu miaka yote ile. Yaliponiona yakanyamaza. Moja likasema, "Dadi huyo. Kanenepa." Kisha yakaendelea na ubishi wao.

Kopo lilikuwa limenifuata. Lilifuta vumbi kwenye koti lake, likauliza ni nani msimamizi wa vipimo hapa. Kata, ile kata ya kifuu yenye mpini mrefu, ikajibu kutoka ukutani kwamba ni yeye.

Nikamuuliza kata jambo ambalo lilikuwa likinikaba tangu kliniki. Nikamwambia, wewe ndiye uliyetulisha watoto sita humu ndani, na wote tuko hai. Mama alikuwa anatupimia kata ngapi?

Kata ikafikiri.

"Sijui," ikasema. "Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anakutazama wewe usoni."

Kopo likasema kwamba hayo si maelezo. Likataka ushahidi. Hapo nepi sita zilizokuwa zimeanikwa kwenye kamba juu ya moto zikanyoosha mikono, zikasema zenyewe ni za mtoto Somoe, za tangu jana asubuhi, na zote sita zilikuwa chapachapa, na mtoto mwenye njaa halowanishi hivyo. Ya mwisho ikaongeza kuwa hata sasa haijakauka, mwenye shaka aikamue. Kopo lilizihesabu mara mbili. Likavua tai, likaikunja, likaiweka mfukoni.

"Dadi."

Sauti ilitoka kifuani pangu. Nikamtazama mtoto. Alikuwa na uso wake ule ule wa wiki tatu na kofia yake ya sufu, lakini mkononi alikuwa amevaa bangili ya shaba ya mama, na macho yalikuwa yale ambayo nikiwa mdogo yalikuwa yananikamata na sukari mdomoni kabla sijakivuka kizingiti. Nilimweka juu ya kigoda taratibu, nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, unanishindilia."

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba zimebaki thelathini. Akasema hilo analijua, tumbo ni lake. Kisha akatazama upande, ule upande anaougeuzia uso kila siku, nami nikatazama huko, na jiko likawa na ukuta mweupe na kitanda. Chumba cha nyuma nyumbani kwangu. Mwaka juzi.

Nilijua kilichokuwa kinakuja. Sikutaka kukitazama, lakini ndotoni shingo haina mwenyewe.

Niko pale, nimeshika bakuli la uji. Mama amelala, amebaki mwepesi kama kanga aliyojifunika. Nampa kijiko. Anafumba midomo, anageukia ukutani. Nami namwambia, kimoja tu mama, cha mwisho. Anafumbua, anameza. Nampa kingine, namwambia cha mwisho. Vijiko vya mwisho vilikuwa saba, nilivihesabu, na nilipotoka chumbani niliwatangazia ndugu kwa furaha kwamba leo kala. Usiku ule vyote vilirudi. Hakuniambia neno la kulaumu. Siku ya tatu yake tukamzika.

Hili sijamsimulia mtu, hata Asumini.

Kitanda kikaondoka, jiko likarudi. Yule mdogo juu ya kigoda alikuwa ananitazama.

"Nilikuwa nimeshiba, Dadi," akasema.

Nikamwambia nisamehe, mama. Nililia kwa sauti, mbele ya mafiga, mbele ya kopo. Kopo liligeuka likatazama nje.

"Hukunikosea. Ulitaka nibaki," akasema. "Hata mimi nilikuwa nataka. Ndiyo maana nilikuwa nafumbua mdomo."

Kisha akaniambia nijipanguse, nimshughulikie mgeni. Mgeni ni kopo. Akaliita karibu, akaliambia kwamba nalo lina haki yake na asije mtu akalidharau: maji kwanza, kisha unga, kijiko kilichosawazishwa juu, usiongeze ukidhani unampenda zaidi wala usipunguze ukidhani unabana matumizi. Kutengeneza ni kwa kopo. Kuanza na kuacha ni kwa mtoto. Akilia na hajatoka kunywa, mtazame anatafuta nini, huenda ni chupa, huenda ni nepi, huenda anataka kubebwa tu kama wewe ulivyokuwa, maana ulikuwa kero. Na Ijumaa nimpeleke kliniki kama nilivyoambiwa, nisije nikasema nimeota.

Kopo likajibu kwamba limeelewa. Likaomba lipumzike kwenye rafu, karibu na chumvi.

"Na wewe umekula?" mama akaniuliza.

Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Akaitisha kata, na kwa kuwa alikuwa na urefu wa dhiraa moja tu, kata ilibidi imnyanyue kwa mpini wake mpaka kwenye mdomo wa chungu. Ulikuwa uji wa chenga za mtama, ule anaoutwanga mwenyewe, ambao chenga zake hukwama kwenye meno na tulikuwa tukiulalamikia kila asubuhi ya Mungu. Akanilisha kwa mkono wake mdogo wenye bangili. Kata ya kwanza nikameza bila kupumua. Ya pili nikaila polepole, maana nilitaka isiishe. Ya tatu ilipofika kwenye midomo nilikuwa nimeshiba, nikageuza uso.

Akaishusha kata pale pale. Hakusema kimoja tu. Hakusema cha mwisho. Aliishusha tu, kama alivyokuwa akiishusha miaka yote ile nisijue kwamba hilo nalo ni pendo.

Mililita thelathini, ambazo muda wote zilikuwa zimesimama mlangoni na vifurushi vyao, zikauliza sasa uamuzi ni upi. Mama akasema zimwagwe, maziwa ya mtoto aliyeshiba si dhambi. Zikatoka kwa foleni kwa mlango wa nyuma, kuelekea mihogoni, na ile ya mbele ikaniaga kwa jina.

"Baba Somoe."

Huyo alikuwa Asumini. Amesimama mbele yangu na kanga yake ya ndani ya nyumba, jua la alasiri liko sakafuni. Nilikuwa kwenye kiti changu. Mtoto alikuwa mkononi mwangu, amefumba midomo, uso kaugeuzia kushoto, na chupa ilikuwa imebaki na thelathini. Mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ulikuwa umeshainuka kumsogezea.

Niliuona. Nikaushusha.

Nikamwinua begani, nikampapasa mgongo. Akacheua mara moja, hewa tupu na tone moja la maziwa, kisha uzito wake wote ukaniangukia shingoni. Hakulia. Tulikaa hivyo, mimi na Asumini tunasubiri alie, na hakulia. Nikampa mke wangu chupa, nikamwambia akaimwage.

"Hizi zote?" akauliza, maana ananijua.

"Zote. Kashiba."

Kisha akainama karibu, akachukua ncha ya kanga ili anifute machozi, na mkono wake ukasita juu ya sharubu zangu. Akabandua kitu kwa ukucha, akakiweka kwenye kidole, akakisogeza kwenye mwanga. Chenga ya mtama, bado mbichi kwa uji. Akainusa. Tangu tuanue msiba mwaka juzi, nyumba hii haijapika uji wa mtama, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikataa usipikwe.

"Nani kakulisha?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Mikono yangu ilikuwa imebeba mtu aliyelala na sikutaka kumwamsha. Nikamwonyesha kwa kidevu.