Taa Iliyoitangulia Vali

Meneja Octavian alikuwa amekwisha kuamua. Alimweleza Bupe uamuzi wake pale pale getini, kabla fundi huyo hajashusha begi la vifaa: ikiwa swichi ya vali ya tangi la mafuta safi ni nzima, basi Mzee Bartolomayo alilala kazini, na Ijumaa angeondoka. Ikiwa swichi ni mbovu, yeye meneja angesema mbele ya zamu nzima kwamba alimdhania vibaya. Alilitamka hilo la pili kama mtu asiyetarajia kulitimiza.

Kiwanda kipo nje kidogo ya Kongwa, kinakamua na kusafisha mafuta ya alizeti. Mwanzoni mwa wiki hiyo mafuta ghafi yalipita kwenye vali iliyotakiwa kuwa imefungwa, yakaingia katika mafuta yaliyosafishwa, yakayaharibu yote. Bartolomayo ndiye aliyekuwa kwenye paneli. Tangu siku hiyo alikuwa akirudia maneno yale yale: alibonyeza kitufe cha kufunga, taa ya kijani ikawaka, akageukia kazi nyingine. Waliomwamini walikuwa wachache. Nyumbani kwake si mbali, na habari kwamba mzee wa kanisa amelala kazini ilifika huko kabla baiskeli yake haijafika.

Bupe alimkuta amesimama nyuma ya kiti chake cha kazi, kana kwamba kukikalia kungemponza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyetumwa kunipima?"

"Nimekuja kupima swichi."

"Ni yale yale."

Vali za kiwanda hicho huzungushwa na nguvu ya hewa, na ubavuni mwa kila moja kuna kisanduku cha swichi chenye mkono mfupi wa chuma uliochomoza nje. Vali ikifika mwisho wa kufunga, kibao kilichokazwa kwenye mhimili wake huusukuma ule mkono, swichi inabonyea, na taa inawaka kule ndani. Mtu wa paneli haioni vali. Anaiona taa tu. Taa ikimdanganya, hana mwingine wa kumuuliza.

Alianza na usalama. Pampu ilizimwa, akatia kufuli lake kwenye swichi kuu na kuuweka ufunguo mfukoni, kisha akapanda jukwaa akiwa na Sostenes, fundi wa kiwanda, kijana mwenye maneno mengi aliyetaka kujua kama watu wa Makole, kule Dodoma mjini, wanaokaa jirani na wabunge nao hushika spana. Bupe alimjibu kwamba hushika, na wanaporudi nyumbani husahau kuwaachia hizo spana watu wa Kongwa. Sostenes akacheka, akamshikia ngazi.

Waliifungua vali, taa ikazimika. Wakaifunga, taa ikawaka. Bupe alifungua kisanduku: ndani kulikuwa kukavu, hakuna kutu, nyaya zimekazwa. Aliupima mguso wa swichi kwa mita, akautikisa waya, akaugonga mkono kwa mpini wa bisibisi. Hakuna kilichoyumba. Hapo Sostenes akakumbuka jambo. Siku ya tukio kompresa ilikuwa imechoka, hewa ilikuja kwa unyonge, na chini ya tangi la mafuta ghafi kulikuwa na mashapo mazito. Inawezekana kabisa vali iliishia njiani.

Basi Bupe akachonga kipande cha mti chenye unene wa kidole, akakipachika mahali kibao kinapoishia, ili vali isifike mwisho. Akaagiza ifungwe. Ilizunguka, ikakwama kwenye mti, ikaacha uwazi. Taa haikuwaka. Hivyo ndivyo swichi nzima inavyotakiwa kufanya. Kama vali iliishia njiani siku ile, taa ingekaa imezima, na mtu aliye macho angeliona hilo.

Alirudia, jibu likawa lile lile. Angeweza kushuka na kuandika kwamba swichi ni nzima, na kila neno lingekuwa kweli. Chini ya jukwaa aliweza kukiona kichwa cha Bartolomayo dirishani, kimeelekea upande mwingine.

Kilichomzuia ni usafi. Ilikuwa kiangazi, na vumbi jekundu lilikuwa limekalia kila kitu: mabomba, ngazi, hata mabega ya Sostenes. Kisanduku cha swichi kiling'aa na kunukia sabuni. Alisogeza uso karibu. Kwenye shingo ya chuma iliyokishikilia kisanduku kulikuwa na ukanda wa rangi mpya kabisa, kama mahali pa saa kwenye mkono wa mtu aliyeunguzwa na jua. Na ubavuni mwa ule mkono wa swichi kulikuwa na alama nyeusi ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa kuiondoa. Alipoisugua kwa kucha ilitoka kama masizi ya raba.

Aliteremka akamuuliza Elieth, mama wa usafi, aliyekuwa akikorogea watu chai chini ya kibanda. Elieth alifurahi kuulizwa. Walipoambiwa kwamba fundi anatoka Dodoma, alisema, walikubaliana kwamba hawawezi kumkaribisha mgeni kwenye matambara. Wakavua yote, wakaosha.

"Matambara gani, mama?"

"Viroba. Si tunazivisha swichi viroba zisile vumbi? Jina lako la Mbeya; ninyi wenye kwenu huko mmezoea mvua, vumbi mtalijulia wapi."

Habari yote ikatoka hapo, kidogo kutoka kwa Elieth, kidogo kutoka kwa Sostenes. Vifuniko vya mpira vilivyokuja na swichi vilipasuka kwa jua. Vipya viliombwa, vikaahidiwa, havikuja. Swichi zikaanza kufa kwa vumbi. Ndipo Bartolomayo alipokata kiroba, akaivisha ile aliyoiogopea zaidi, akaikaza kwa ukanda uliochanwa kutoka tyubu ya baiskeli, kama watu wote wa huku wanavyofunga madumu, kuni na kuku. Swichi hiyo haikufa. Meneja alipendezwa, na kwenye kikao cha asubuhi akaagiza zote zifungwe hivyo hivyo, mzee awafundishe wenzake.

"Na hiyo mipira iko wapi sasa?"

Elieth alionyesha kwa kidevu. Baiskeli ya Bartolomayo ilikuwa imeegeshwa ukutani, na kwenye keria ya nyuma kanda nyeusi zilikuwa zimezungushwa vizuri, moja juu ya nyingine.

Bupe alikwenda chumba cha paneli akafunga mlango. Hakutaka kumzunguka mzee yule. Alimwambia anachokifikiri: ukanda ulikuwa ukiuvuta mkono wa swichi kidogo kidogo, siku zote, ukauacha karibu kabisa na kubonyea. Hewa ilipokuwa na nguvu hakuna aliyegundua, kwa kuwa vali ilikuwa ikifika mwisho hata hivyo. Siku vali ilipoishia njiani, taa iliwaka mapema.

"Kwa hiyo niliiona," Bartolomayo alisema.

"Nadhani uliiona. Lakini swichi niliyoikuta mimi imeshavuliwa na kuoshwa, na hiyo ni nzima. Ili nijue, lazima mtu aifunge kama ilivyokuwa. Sostenes amejaribu kunionyesha, anafunga kama anafunga mzigo. Wewe ndiye mwenye mkono ule."

Mzee alikaa, mara ya kwanza tangu asubuhi, kwenye kiti chake.

"Nikinyamaza, mimi ni mlalaji."

"Ndiyo, baba."

"Nikifunga, mimi ndiye niliyeharibu mafuta."

"Mkono wako utakuwamo. Siwezi kukuficha hilo."

Alifuta viganja kwenye suruali, akainuka. "Mwite meneja. Aliyeharibu, angalau alikuwa macho."

Octavian alikuja akiwa bado na simu mkononi. Bartolomayo alifungua kanda kutoka kwenye baiskeli, akaomba kiroba, akapanda ngazi polepole. Alikikunja kiroba mara mbili, akakizungusha kwenye kisanduku, akauvuta ukanda mpaka ukawa mwembamba, akaupitisha chini, juu, chini tena, akaufumba mwisho wake kwa kuuchomeka. Ilikuwa kazi nzuri. Hata Bupe aliona ni kazi nzuri. Kisha Bupe akakipachika kile kipande cha mti mahali pake na kumwomba Elieth aende kwenye paneli abonyeze kitufe cha kufunga.

Vali ilizunguka, ikagonga mti, ikasimama. Elieth akapaza sauti kutoka dirishani kwamba ya kijani imewaka.

Octavian aliutazama uwazi uliobaki. Aliweka kidole chake mwenyewe kati ya kibao na kituo chake, juu ya mti, akakitoa.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi," Bartolomayo alimjibu kutoka juu ya ngazi. "Na nyingine zote zilizofungwa kwa agizo lako, ni mimi niliyefundisha. Leo hii zimevuliwa kwa sababu ya mgeni. Kesho zingefungwa tena."

Meneja aligeukia safu ya matangi, vali moja baada ya nyingine, zote zimeoshwa na kung'aa. Akamuuliza Bupe ataandika nini. Bupe alisema ataandika kwamba swichi ni nzima, kwamba taa ilidanganya kwa sababu ya ufungaji uliokubaliwa na kiwanda, kwamba vifuniko halisi vinatakiwa wiki hii, na kwamba mpaka vije swichi zikae wazi na kupigwa brashi kila zamu.

"Na usingizi?"

"Hakuna usingizi wa kuandika."

Zamu ilipobadilishana mchana, Octavian alizungumza kwa ufupi. Alisema Mzee Bartolomayo hakulala na kwamba yeye alimdhania vibaya. Kuhusu viroba alisema "tulifunga", akalikazia neno hilo, kisha akapokea simu ambayo huenda haikuita. Bartolomayo hakutabasamu. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake na kuipeleka vali mbele na nyuma, akiitazama taa.

Bupe alimwachia kile kipande cha mti, akamwomba azijaribie vali zote nacho kila Jumatatu, bila kumtangazia mtu. Mzee alikitia kwenye mfuko wa shati, nyuma ya kalamu.

Bupe alipokuwa akifungua kufuli la pampu, Elieth alimfuata na kikombe cha chai kilichopoa, akataka kujua safari ijayo waache kabisa kusafisha au vipi.

"Safisheni nikishaondoka," Bupe alisema.

Nje, Bartolomayo alikuwa akifunga dumu kwenye baiskeli, ukanda ule ule, chini, juu, chini tena.