Dume Lililozunguka Kinyume

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu wa pili, yule fundi umeme, Jumamosi iliyopita baada ya chakula cha mchana, nimekaa juu ya kitanda chenyewe kilichozua mambo. Alicheka hadi akajishika mbavu, hivyo pengine kuna chumvi kidogo. Ya mwisho niliyaona mwenyewe.

Dada yake ameolewa na mkereza mbao. Mkono wa mkwe wangu huyo ni mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Alikuwa ananitengenezea kitanda cha miguu ya kukereza. Mitatu ikaisha, kabla ya wa nne, mota ya mashine inayozungusha mti ikaungua. Mahali pa mguu huo akaweka kopo la rangi. Habari zikanifikia, nikampigia simu.

"Mume wangu mdogo, Jumamosi nakuja. Nikikuta kopo, nageuka na begi langu hapohapo mlangoni."

Sikuwa natania. Mgongo wangu haujui utani.

Akapata mota kubwa ya fezi tatu, nayo haichomekwi kwenye soketi ya pasi. Ikabidi amwite shemeji yake, ambaye hajawahi kumwita fundi hata siku moja. Humwita Bisibisi.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi Bisibisi akazima swichi kuu, akapima nyaya kuhakikisha hazina moto, akaanza kufunga soketi nene ukutani.

"Shemeji, we maliza hilo jike," mkereza akasema, maana mafundi huita soketi jike na plagi dume. "Dume niachie mwanamume mwenzake."

"Utaweza kweli?"

"Nyaya tatu za moto na mmoja wa ardhini. Hata bibi yako angefunga!"

Bisibisi akaendelea na soketi yake. Plagi ilipokuwa tayari akaikagua: waya wa ardhini uko pake, skrubu zimekaza. Ila nyaya mbili za moto zimebadilishana vyumba. Hilo halimrushi mtu, lakini mota ya fezi tatu ukiifanyia hivyo, huzunguka kinyume. Akawasha swichi kuu, akavuta kigoda mpaka karibu na swichi ya mashine, akafungua karanga zake.

Mashine ikanguruma. Mkereza akaegemeza patasi. Ikateleza juu ya mti kama kijiko juu ya sahani.

"Patasi butu," akasema. Akanoa. Ikateleza.

"Mti huu una maji." Akafunga mwingine. Ukatoa moshi, haukutoa ganda hata moja.

"Umeme wako mwembamba, Bisibisi!"

"Inawezekana, shemeji," Bisibisi akajibu, karanga mdomoni.

Akanoa tena, mpaka patasi ikaanza kufupika. Mke wake akachungulia. "Bibi ameshashuka kwenye gari. Anauliza kama kopo bado lipo."

Jasho likamtoka mkereza. Akatazama mashine, akamtazama shemeji yake, akatazama zile karanga.

"Wewe unajua kitu."

"Nani, mimi? Bisibisi ina mdomo?"

"Fundi," akasema, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Sisikii, mashine inanguruma."

Akaizima. "Fundi! Tafadhali, fundi wangu!"

Basi Bisibisi akachomoa plagi, akaifungua, akarudisha kila waya chumbani kwake. Patasi ikauma mara ya kwanza tu, maganda yakaruka mpaka nyusini.

Nilipoingia na begi, mguu wa nne ulikuwa unapigwa nyundo ya mwisho. Nikala, nikasimuliwa, wajukuu wangu wawili wakapitiwa na usingizi mkekani. Nikajilaza. Kitanda kimetulia tuli. Lakini lile neno la "hata bibi yako" lilikuwa linaniwasha.

"Mume wangu mdogo! Kinacheza!"

Akaja mbio na pimamaji, akapiga magoti. "Bibi, mbona kiko sawa?"

"Hebu jaribu mguu ule." Akazunguka. "Na ule." Akazunguka tena. "Sasa zunguka kinyume, labda ndivyo ulivyozoea."

Akaiweka pimamaji chini. "Amekwambia!"

"Hata bibi yake angekwambia, mume wangu. Ushike huo mguu wa nne mpaka nisinzie."

Akaketi sakafuni akiukumbatia, akicheka peke yake. Kabla sijafumba macho alikuwa anakoroma, mngurumo mzuri wa mashine iliyofungwa sawasawa, nao ukanibembeleza nikalala.