Jembe la Kwanza la Mtoro

Tangu Mtoro afariki, jaruba lake la mpunga pale bondeni Mlingotini halijaguswa, masika ya pili sasa. Si kwamba mjane wake, Mardhiya, alikuwa mvivu. Shamba la juu alilichokonoa peke yake mpaka viganja vikawa kama visigino. Lakini kwenye mchanga ule mtupu, muhogo ulitoka mwembamba kama vidole vya mtoto. Wanawe waliula asubuhi na jioni, wakaupa jina biriani.

Tatizo lilikuwa dasturi. Jaruba hufunguliwa kwa jembe la mwanamume wa nyumba, mwanamke hufuata nyuma. Na mwanamume wa nyumba hii alikwisha tangulia ardhini yeye mwenyewe.

Tena kila ikinyesha, alfajiri, bondeni husikika jembe. Pu. Pu. Halafu kikohozi. Kikohozi kile Mardhiya alikijua, alilala nacho kitanda kimoja. Huziba dirisha kwa kanga, akasoma aya anazozikumbuka.

Ndipo akaja Mwinyimvua, mdogo wa marehemu Mtoro, na tabasamu la mtu aliyenusa pilau.

"Shemeji, ardhi imelala. Kesho asubuhi natia jembe langu."

"Halafu?"

"Aliyefungua ndiye mwenyewe. Nawe utakuja kuvuna, hutakosa pishi yako ya mpunga."

"Pishi, shambani kwangu! Ahsante, bwana mkubwa."

Alfajiri ikanyesha. Pu. Pu. Mardhiya hakuziba dirisha. Alishika jembe, na ghafla wazo likamjia: kama Mtoro yuko kule analima, basi jembe la kwanza limekwisha pigwa.

Akashuka. Hapakuwa na mtu. Nyasi zimesimama, udongo haujageuzwa. Ila pale penye mlio, maji yalikuwa yakiruka.

"Asalaam aleikum, baba Nasrin. Sogea basi. Mistari yako ilikuwa imepinda tangu uko hai, sembuse leo."

Akapiga. Pu. Mbele yake, pu.

Mwinyimvua alifika na jembe begani, akaganda ukingoni. Aliona mwanamke mmoja, akasikia majembe mawili.

"Shemeji... nani anakulimia?"

"Kaka yako. Hata shikamoo humpi?"

Kikohozi kikajibu kabla yake. Mwinyimvua aligeuka mbio, ndala moja ikabaki kwenye tope.

Jua likapanda. Mgongo ulimwaka Mardhiya, lakini hakuunyoosha. Sasa alichoogopa ni kwamba akipumzika, na lile jembe la mbele litanyamaza.