Mabati ya Nyumba ya Watoto

Kufuli lilikuwa jipya. Wacera alilivuta, likagoma, akachungulia dirishani. Pale ambapo watoto walipaswa kuketi, magunia ya mbolea yalikuwa yamepangwa hadi karibu na paa. Alisimama hapo na binti yake Kagure mgongoni, hasira ikampanda mpaka masikio yakamvuma.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na huku juu ya Othaya kila mtu alikuwa akijenga kitu kwa harambee. Wanawake wa ridge ile, mgongo mmoja wa mlima, walijenga nasari, shule ya watoto wadogo. Waliosema asiye na mwana aeleke jiwe hawakuwajua hawa: wana walikuwa nao, na mawe wakayaeleka vilevile, kutoka mtoni hadi mlimani, huku wanaume wakikaa dukani kuwashauri namna ya kuyabeba.

Wacera alikuwa na sababu yake. Msimu uliopita, kwa kukosa mtu wa kumwachia mtoto, alimfunga Kagure kwa leso kwenye mti wa kahawa ili asitoroke hadi mtoni. Alipogeuka na kikapu chake, mtoto alikuwa analamba majani yenye dawa ya kunyunyizia kahawa, mdomo wote buluu. Alitapika siku nzima. Mumewe Mutahi alisema ni mapenzi ya Mungu tu, na Wacera akajibu moyoni kwamba Mungu hakumfunga mtoto yeyote kwenye mti.

Kikundi chao kilikuwa cha mabati. Walilima mashamba ya watu kwa kibarua, wakanunua mabati, wakaezeka nyumba ya mwenzao mmoja, kisha wakahamia kwa anayefuata. Zamu ilipomfikia Wacera, aliwaambia waiezeke nasari kwanza. Yeye angevumilia nyasi zake zinazovuja. Wakamtafuta Magdaline, msichana aliyemaliza darasa la saba, awe mwalimu, na kila mama akaahidi unga wa uji. Siku ile alipokuta kufuli, kuvuna kahawa kulikuwa kunaanza kesho yake.

Na sasa magunia! Wacera akaenda moja kwa moja kwa mzee Gatimu, baba yake Ngendo na mwenyekiti wa kamati ya kahawa, aliyekuwa dukani na chai yake. Gatimu hakuona haya hata kidogo. Alieleza kwamba ghala lilikuwa limejaa, kwamba kamati ilikuwa imeamua, na kwamba kina mama wangeelezwa baadaye.

"Mtoto wa miaka mitatu anasoma nini, Mama Kagure?" akauliza. "Kulia? Hata nyumbani atalia. Lakini mbolea ikinyeshewa, sisi wote tutakula nini?"

Wenzake wakacheka. Wacera angeweza kuvumilia lile jibu. Kile kicheko ndicho kilichomchoma. Alitoka bila kuaga, akapita mlango kwa mlango akiwaita wanakikundi. Hakuomba ushauri wa mtu. Alisema tu walete nyundo na ngazi.

Mwanamke hapandi paa. Hilo kila mtoto wa Kikuyu alilijua: wanawake hukata nyasi na kuzibeba, wanaume ndio hupanda kuezeka. Hata mabati ya kikundi yalipigiliwa na wanaume, wakapewa uji na shukrani. Kwa hiyo, kule nasari, Wacera alipomkabidhi Magdaline mtoto, akafunga gauni katikati ya miguu na kukanyaga ngazi, wanawake wengine walirudi nyuma hatua moja. Kisha mmoja akampa nyundo, na mwingine akamfuata.

Bati la kwanza liling'oka kwa kishindo. Wanaume wakaja wakikimbia, Gatimu mbele, na mawingu yalikuwa yameshaufunika mlima.

"Shuka!" akafoka. "Unaleta laana kwa hii ridge. Na itanyesha!"

"Inyeshe," Wacera alisema. Akang'oa msumari mwingine. "Haya mabati ni ya kikundi. Kama ni ya watoto, tutayarudisha. Kama ni ya mbolea, tunayachukua. Na tukimaliza hapa, Baba Ngendo, tunakuja kwako. Yale yako pia ni sisi tuliyaleta."

Gatimu akacheka, lakini hakuna aliyemfuata kucheka. Akamtafuta mkewe Watiri, naye mwanakikundi, kwa macho ili amwambie awatulize wenzake. Alimkuta chini ya ukuta, ameishika ngazi kwa mikono miwili.

"Watiri, toka hapo. Wewe ni mke wangu."

"Hiyo naijua," Watiri alisema, bila kuinua sauti. "Ndiyo maana kwetu nitapanda mimi wa kwanza. Najua mahali misumari iko."

Tone la kwanza likaanguka kwenye bati. Gatimu alitazama mbingu, akamtazama mkewe, kisha akatoa ufunguo wa kufuli mfukoni. Juu, Wacera aliendelea kukaa ukingoni na nyundo yake, bado ana hasira, mpaka gunia la mwisho lilipotoka mlangoni likiwa mgongoni mwa mwenyekiti.