Komeo la Bafuni

Katika karatasi ya wahusika, mwandishi aliacha kisanduku kimoja tu kitupu: kile cha me au ke. Mhusika alikuwa fundi cherehani katika tamthilia mpya ya televisheni, na alimchota mzimamzima kutoka kwa Shangazi, dada wa baba yake, aliyezaliwa na mwili ambao wakunga walishindwa kuuita wa kike wala wa kiume. Shangazi ndiye aliyemlea. Alipoombwa ruhusa alicheka, sindano mdomoni.

"Andika, mwanangu. Ila bafuni usiwaingize watu. Mengine yote chukua."

Mwandishi akaahidi. Walikuwa wakiishi wawili tu, na Shangazi hakuwahi kumfungia mlango. Tangu mabega yaanze kumuuma, mwandishi ndiye aliyemsugua mgongo kila jioni, na komeo la bafuni lilikuwa limeota kutu kwa kukosa kazi.

Kikaoni, mwongozaji alikigonga kile kisanduku kwa kalamu. "Hapa umesahau."

"Sijasahau. Tutamwita 'yeye' tu. Kiswahili kinatosha."

"Redioni kingetosha. Hawa watazamaji wanataka kuona." Akataka jirani afungue mlango wa bafuni kwa bahati mbaya, amkute fundi akioga, apige ukelele.

Mwandishi, bingwa wa ubishi, siku hiyo aliufyata. Aliogopa kunyang'anywa tamthilia ambayo alishawatangazia watu kuwa ni yake. Akaiandika sehemu ile mwenyewe, tena vizuri, mpaka kigoda na ndoo ya bluu yenye mpini wa kamba.

Jumamosi ya kuonyeshwa, Shangazi alivaa gauni jipya kana kwamba televisheni nayo itamwona. Fundi alipomwambia mteja kwamba nguo haijapungua, tumbo ndilo limehamia, akajipiga paja. "Huyo mimi kabisa."

Kisha mlango ukafunguka. Jirani akapiga ukelele. Shangazi akaitambua ndoo yake.

Matangazo yalipoingia, alimgeukia mwandishi. "Sijawahi kuwa na jirani kama yule," alisema. "Aliyeiona ndoo ile ni wewe."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimeshakusamehe. Mtoto akikunyea mkononi, huukati mkono."

Akachukua taulo, akaenda kuoga. Mwandishi akamfuata na dodoki, kama kila jioni. Alipofika mlangoni akasikia komeo likisukumwa, likigoma kwa kutu, likisukumwa tena, mpaka likaingia.