Mshono Usio na Fundo

Mshonaji wa hospitali alikuwa mama wa makamo ambaye watu wote walimwita Mama Sindano. Chumba chake kilipakana na cha kufulia, na kazi yake ilikuwa kuziba mashuka yaliyochanika, kurudishia vifungo na kupiga pindo foronya zilizofumuka. Matundu madogo aliyashona kwa mkono, kwa sababu cherehani iliacha makunyanzi, na makunyanzi humsumbua mgonjwa anayelala chali siku nzima.

Jumanne moja alinyanyua shuka lililotoka kufuliwa, akakuta mpasuko ulioshonwa tayari. Si yeye aliyeushona. Aliugeuza upande wa ndani kutafuta fundo, hakuliona. Akapapasa kwa kucha, akauvuta uzi kwa nguvu. Haukulegea hata kidogo.

“Nani huyu?” alijiuliza kwa sauti.

Wiki hiyo yakaja mashuka mengine matatu ya namna hiyo. Mwisho uvumilivu ukamwishia, akachukua mkasi mdogo na kufumua moja polepole. Aliyeshona alikuwa ameukunja uzi mara mbili, ncha zote mbili akazipitisha kwenye tundu la sindano, upande wa pili kikabaki kitanzi. Alipochoma mara ya kwanza, aliirudisha sindano ndani ya kitanzi hicho na kuvuta. Uzi ukajikaba wenyewe. Mwishoni alichoma mara tatu palepale, akaupenyeza mkia wa uzi katikati ya pindo. Tena alishona kutoka kushoto kwenda kulia, na ncha ya uzi ilikuwa bapa, kama iliyotafunwa.

Mama Sindano alianza kuwadhania wafua nguo, wakamcheka. “Sisi tuna muda wa kukusaidia?” walimwambia. Ndipo alipousogeza ule uzi dirishani. Ulikuwa wa bluu iliyopauka. Mablanketi ya bluu yalikuwa wadi ya pili tu, ya wanaume.

Kesho yake asubuhi alijitwisha foronya, akaingia wadi ya pili akijifanya anazihesabu. Kitanda hadi kitanda, macho yake yalikuwa kwenye mablanketi. Kitanda cha mwisho alimkuta mzee mwembamba, mkono wake wa kulia umelazwa juu ya mto. Pindo la blanketi lake lilikuwa limefumuliwa karibu lote.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Naona blanketi lako limeliwa na panya.”

Mzee alilitazama, kisha akamtazama yeye. “Panya mwenyewe kabakiwa na meno machache,” alisema, akacheka hadi mabega yakatikisika.

Mama Sindano aliketi ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa. “Mzee, kwa nini hupigi fundo? Nimekesha na hilo swali.”

“Fundo linataka mikono miwili. Mimi ninao mmoja. Huu mwingine, tangu kiharusi, ni mgeni tu. Unalala na kula.” Alichomoa sindano kutoka ndani ya foronya, akaichomeka wima kwenye godoro, akaitunga kwa mkono wa kushoto. Alikuwa ameshona maturubai miaka thelathini, alisema. Mkwewe, mke wa mwanawe, ndiye aliyemletea sindano, imefichwa kwenye taulo. “Mashuka yaliyochanika yananikera. Ningelalaje juu ya mpasuko na kazi naijua?”

“Sindano kitandani!” Muuguzi mkuu alikuwa amesimama nyuma yao. “Ikimchoma mtu, nani atajibu?”

Mzee aliinamisha kichwa kama mtoto aliyefumaniwa jikoni. Mama Sindano aliinuka haraka. “Dada, mpe ruhusa aje kwangu asubuhi. Sindano zitabaki kule, kwenye kopo lenye kifuniko.”

Muuguzi alimtazama, akatazama mshono kwenye shuka, akaupitisha kidole. “Ikipotea hata moja,” alisema, “kitanda hiki utalala wewe.”

Kwa wiki tano mzee alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha kushonea. Mama Sindano alimuuliza kila kitu: turubai likilowa mshono unakazaje, uzi mnene unatungwaje, ngozi nayo je. Siku moja aliuchomeka mkono wake wa kulia kwenye aproni, akajaribu kushona kwa kushoto. Alijichoma mara nne, na kitanzi kikamponyoka kila alipokikaribia.

“Unakimbilia wapi?” mzee alimwambia. “Kaza kitambaa kwa kiwiko kwanza.”

Mkono wa kulia wa mzee haukurudi kama zamani. Lakini siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, dole gumba lake liliweza kukandamiza kitambaa kisiteleze, naye alimwonyesha kila aliyepita kwenye ukumbi. Mkwewe alikuja kumchukua, akamshukuru Mama Sindano huku akiona haya kwa sababu ya lile taulo.

Mwezi uliofuata mkwe huyo alipiga simu. Baba mkwe wake alikuwa anashona mifuniko ya viti vya majirani, na sindano za nyumbani alizikataa zote, eti laini mno.

“Muulize anataka sindano namba ngapi,” Mama Sindano alisema, akivuta kipande cha karatasi. “Na muulize kwa nini.”